Baba Asiyetajwa

Jumatatu, 3 Machi

Koinet amekwenda Kilosa kusaini. Mvua ya kwanza ya masika imeshuka leo hapa Mikumi, imekuja na upepo wa kung'oa mabati. Madereva wa malori walijazana mgahawani kwangu wakingoja ipungue. Chapati ziliisha kabla ya saa nne na sikufurahi hata kidogo.

Naanza kuandika kwa sababu katika nyumba hii kila mtu ananiambia ninyamaze. Mume wangu, ninyamaze. Mama mkwe, ninyamaze. Wakili naye kaniambia nisiropoke mbele ya wateja. Basi nitasemea hapa. Mimi ni Kishiwa binti Mhoja, Msukuma, na sikulelewa kumeza maneno.

Habari yenyewe ni hii. Mume wangu Koinet, baba wa watoto wangu wawili, amepewa amri ya kufukuzwa nchini. Wanasema ni mgeni. Wakili wetu, Costancia, amefungua shauri Mahakama Kuu, Morogoro, na mpaka liamuliwe amri imesimamishwa, kwa sharti kwamba kila Jumatatu aripoti ofisi ya uhamiaji Kilosa. Kila Jumatatu anaondoka na mkoba wenye shati moja na mswaki, maana hajui kama atarudi.

Amerudi jioni, kaloa chapachapa. Nimempa chai.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Neema, binti yetu mkubwa, kafeli jaribio la hesabu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumgombeza.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelala vibaya, nikaamka na hasira ileile. Hasira kwa nani? Hilo ndilo linalonichosha, sina wa kumkasirikia.

Mwaka jana Koinet alikwenda mwenyewe kuomba kitambulisho cha taifa. Hakuitwa wala hakushtakiwa. Akaulizwa alizaliwa wapi, akasema kweli: Narok, Kenya, akaletwa huku mgongoni mwa mama yake angali ananyonya. Akaulizwa jina la baba, akasema Lenku. Lenku yupo, anachunga uwandani nje ya Ulaya, kijiji cha njia ya Kilosa, na maishani mwake hajavuka mto Wami. Ofisa akapiga hesabu akaona Lenku alikuwa na miaka kumi na miwili Koinet alipozaliwa. Akamwuliza tena kwa upole, na tena, na kila mara jibu likawa Lenku. Simlaumu yule ofisa. Hata mimi ningeandika kwamba mtu huyu anadanganya.

Nakumbuka nilimbana jioni ile.

"Aliyekuzaa ni nani?"

"Lenku."

"Lenku ni baba yako mdogo."

"Kwetu baba ni baba. Hapimwi ukubwa."

"Na yule aliyekufa, kaka yake Lenku?"

Akachukua fimbo akatoka, kama mtu anayekwenda kuangalia mbuzi. Hapa mjini hatuna mbuzi.

Kwa watu wa mume wangu, mwanamume akifa kijana, kabla watoto wake hawajakua, huzikwa pamoja na jina lake. Wa nyumba yake hawalitamki tena. Kama kuna ndama au jirani mwenye jina hilo, hubadilishiwa. Mtu akidhani Koinet anakataa kulitaja, atakuwa anamwonea. Halijui. Ana miaka arobaini na minne na hajawahi kulisikia.

Kwetu ni kinyume kabisa. Wafu wetu tunawaita, tunawapa watoto majina yao, tukipata shida tunawaambia waziwazi. Mimi mwenyewe nimebeba jina la bibi mzaa babu. Ndiyo maana mambo haya yananipanda kichwani.

Jumatatu, 10 Machi

Amekwenda. Amerudi.

Alhamisi, 13 Machi

Costancia amekuja. Ni mwanamke mfupi, ana sauti ya kuamrisha na anakula pilipili kama karanga. Ametueleza upya, taratibu, nami nimeelewa zaidi.

"Uraia ni mlango mwingine, tutaugonga baadaye," alisema. "Leo tunasimama kwenye haki za binadamu. Mtu ameishi hapa tangu ananyonya. Mke raia, watoto raia, mifugo hapa, makaburi ya wazee wake hapa. Katiba inalinda familia ya kila mtu, haikusema ya raia tu. Ukimtupa ng'ambo ya mpaka ambako hajui hata njia ya kwenda sokoni, umeivunja familia hiyo."

"Sasa tatizo liko wapi?" nikauliza.

"Serikali itasema aliidanganya. Na anayeiendea mahakama akiomba haki, mikono yake iwe safi. Nahitaji mtu aseme baba yake ni nani, na kwa nini Koinet alimtaja mwingine."

Lenku alikuwa ameketi pembeni na shuka lake. Hapo akasimama. "Andika mimi. Mimi ndiye baba. Nitaapa."

"Mzee, ulikuwa na miaka kumi na miwili."

"Nilikuwa mkubwa kwa umri wangu."

Costancia alicheka mpaka akatokwa machozi, kisha akamwambia kwamba akiapa hivyo atafungwa yeye, na Koinet atafukuzwa vilevile. Lenku hakuona cha kuchekesha. Aliaga akaondoka kwenye mvua. Nilimwona mwoga, mtu anayeweza kulitaja jina la kaka yake na hataki.

Jumatatu, 17 Machi

Amekwenda. Amechelewa. Nimeunguza maandazi sufuria nzima. Amerudi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetoka uwandani kwa mama mkwe. Nimechoka, nina tope mpaka magotini, na nimefanya vibaya.

Jina lake ni Seleina, sisi tunamwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Katika ndoa yangu yote hajaniambia neno baya wala neno zuri. Nilipofika nikamsalimu, "Shikamoo, Yeyo," akaitikia "Marahaba," akanimiminia maziwa. Nikayanywa. Nikaanza na maneno ya heshima, nikamweleza kwamba yeye peke yake anaweza kumsaidia mwanawe: asimame mbele ya jaji, ataje jina, basi.

"Hapana," akasema.

"Yeyo, watamchukua."

"Ukilifukua jina, unamfukua mwenyewe. Akiinuka atamtafuta aliye wake. Aliye wake ni nani? Ni huyo huyo unayemlilia."

"Hayo ni mambo ya zamani!"

"Na kufa ni kwa zamani?"

Hapo nikapandisha sauti. Mimi, mkwe, uani kwake, mbele ya wake wa majirani! Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua, na kwamba anampenda marehemu kuliko mtu hai. Alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe unataka mume akae. Mimi nataka mtoto aishi. Hata akiishi huko mbali."

Nimerudi kwa bodaboda na aibu yangu. Bado naona amekosea.

Jumatatu, 24 Machi

Amekwenda. Amerudi. Kaniuliza kwa nini nilimpigia mama yake kelele uwandani. Habari zimefika kabla yangu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Ofisi imefungwa, tulijua tangu jana itafungwa. Amekwenda hivyo hivyo, akapiga picha mlango uliofungwa, akarudi. "Wasije wakasema sikuja," anasema. Nimecheka, kisha nikaingia chumbani nikalia.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua haikatiki. Mtaro wa barabara kuu umeziba na maji yameingia jikoni.

Koinet anamfundisha Neema ng'ombe: yupi mama wa yupi, yupi anazaa kwa taabu, yupi asiuzwe hata kwa njaa. Neema anaandika nyuma ya daftari la jiografia. Nilisikiliza nimeshika mwiko, nikashindwa kuvumilia.

"Unaaga?"

"Nafundisha."

"Umemfundisha lini kabla ya hapa?"

Akamwambia Neema aandike ng'ombe anayefuata. Utulivu wake ulikuwa ndio niliompendea tulipokutana mnadani, mimi nimeenda na baba Mhoja kuuza fahali, yeye kasimama tu huku watu wote wanapiga kelele. Siku hizi utulivu huo unanipa hamu ya kumtikisa.

Jumatatu, 7 Aprili

Amekwenda. Amerudi.

Jumanne, 15 Aprili

Naandika ya jana, maana jana mkono haukuweza.

Yeyo alikuwa amefika kwetu Jumapili kwa ajili ya macho yake, aende hospitali. Tulisalimiana, hatukuzungumzia ya uwandani. Asubuhi Koinet akaondoka na mkoba wake. Mchana mvua ikamwagika kama haijawahi kunyesha. Saa kumi na moja hakufika. Saa kumi na mbili simu yake haipatikani. Nikampigia Costancia, hajui. Dereva mmoja aliyetoka upande ule akaniambia kuna gari la serikali alilipita limebeba watu, hakujua ni watu gani. Basi, nikajua wamemchukua. Nilijua kabisa, nikaanza kukunja nguo zake, sijui nampelekea wapi.

Yeyo alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Watoto walipokwisha kula nikaketi naye chini. Akaanza yeye.

Alikuwa msichana wa huko Narok. Mume wake alikuwa kijana wa Kilosa aliyepanda kaskazini na ndugu kutafuta ng'ombe wa mbegu, akamwoa huko. Homa ikamwua huyo mume, mtoto akiwa bado hajaota meno. Ndugu zake Yeyo wakasema abaki, ataolewa tena. Yeye akasema mtoto ana kwao. Akatembea, akapanda malori ya mkaa, akatembea tena. Huku hakuwa akimjua hata mtu mmoja. Njiani kote alikuwa anakataa kulisema lile jina hata moyoni, ili marehemu asifuate nyayo zao akamchukua mtoto.

"Nilimficha asionwe na baba yake," akasema. "Kazi yangu yote ilikuwa hiyo."

Mimi nilikuwa nimemwona mkaidi. Mkaidi! Mwanamke aliyevuka nchi mbili na kichanga.

Koinet aliingia leo saa mbili asubuhi, kwa miguu, suruali kaikunja, mkoba kichwani. Maji yalikata barabara mbele ya Ulaya, amelala kwenye baraza la duka. Hakuchukuliwa na mtu. Nilimpiga ngumi ya kifua, kisha nikamkumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo hatulifanyi.

Yeyo akaniita kando. "Kila Jumatatu ni hivi?"

"Kila Jumatatu, Yeyo."

Akasema, "Mwite yule mwanamke wa sheria."

Jumanne, 22 Aprili

Tumepangiwa tarehe 6 Mei. Costancia amemwonya Yeyo: akisimama kizimbani ataulizwa na yeye ametoka wapi, yasije yakamgeukia. Yeyo akajibu, "Wanipakie na mwanangu au watuache wote. Mimi nilishakuja huku mara moja kwa mguu, njia naijua."

Lenku amesikia kwamba Yeyo atalitaja jina. Hajaja tena hapa, hata simu hapokei.

Jumatatu, 28 Aprili

Amekwenda. Amerudi. Yeyo amerudi uwandani, anasema ana maandalizi yake.

Jumapili, 4 Mei

Barabara ya Ulaya imekatika tena. Yeyo yuko ng'ambo ya maji. Simu ya Lenku imezimwa. Kesho sisi tunakwenda Morogoro (Costancia amewaarifu Kilosa kwamba Koinet haripoti), na jana nimevunja vikombe vitatu.

Jumanne, 6 Mei

Niseme yote, hata kama sitalala.

Tuliitwa saa nne. Yeyo hakuwepo. Wakili wa serikali, kijana mpole mwenye miwani, akasoma hoja yake: mleta maombi alitoa jina la uongo, hastahili huruma ya mahakama. Costancia akasimama akazungumza juu ya familia, juu ya maisha marefu ya mtu mahali pamoja, juu ya Katiba. Alizungumza vizuri mpaka nikatamani kupiga makofi. Jaji, mama mtu mzima, akasikiliza, kisha akauliza, "Shahidi yuko wapi?" Costancia akaomba muda kidogo kwa sababu ya mafuriko. Tukapewa.

Nilikwenda mlangoni nikarudi, nikaenda tena. Askari akaniambia, "Dada, kaa, unaniumiza kichwa."

Walipoingia sikuwatambua mara moja. Yeyo alikuwa na tope mpaka kiunoni, na nyuma yake Lenku. Walipanda trekta la wakulima wa mpunga mpaka Kilosa, kisha treni. Lenku ndiye aliyelitafuta lile trekta, na ndiye aliyemshika Yeyo asianguke. Nilikuwa nimemwita mwoga humu humu, kurasa chache nyuma.

Yeyo hakuwa na shanga. Hereni zake ndefu, mikufu, bangili, vyote kavua. Kwa watu wa mume wangu mwanamke huvua mapambo akifiwa. Ndiyo yaliyokuwa maandalizi yake. Alikuja mahakamani akiwa msibani.

Akaapishwa. Mkalimani alikuwa kijana wa kwao. Kabla hajaulizwa kitu Yeyo akasema kwa lugha yake, na mkalimani akatafsiri: "Anaomba mwanawe atoke nje kwanza."

Jaji akamgeukia Koinet. "Hili ni shauri lako, una haki ya kusikiliza. Unataka kutoka?"

Koinet akasimama. Sijawahi kumwona akimkatalia mama yake jambo. "Mheshimiwa, nakaa."

Wakili wa serikali akauliza, "Mama, baba aliyemzaa Koinet ni nani?"

Yeyo akafumba macho. Akatamka neno moja. Mkalimani akatazama chini.

"Amesema nini?" jaji akauliza.

"Ametaja jina, mheshimiwa."

"Jina gani?"

Kijana akashindwa. Yeyo akafumbua macho, akamtazama jaji, akasema mwenyewe, kwa Kiswahili, kila neno mbali na jingine: "Sendeka. Mume wangu. Baba yake huyu."

Koinet alikuwa pembeni yangu. Midomo yake ilijisogeza bila sauti, kama mtoto anayejaribu kusoma. Lenku alijifunika shuka usoni.

"Kwa nini basi mwanao alimwambia ofisa baba yake ni Lenku?"

"Lenku ndiye aliyemlea. Mwingine hakuwa naye. Nilimnyima mimi."

Yule kijana wa serikali akavua miwani, akasema hana swali jingine.

Jumatatu, 12 Mei

Amekwenda. Amerudi. Yeyo amechinja kondoo uwandani, kutakasa. Ananipigia kila asubuhi kwa simu ya jirani, swali lake ni moja: "Amekohoa?" Namwambia hapana. Juzi alikohoa kwa moshi wa jiko langu, nikamdanganya.

Jumatatu, 19 Mei

Amekwenda. Amerudi. Mvua inapungua, mimi sipungui. Nikisikia gari linafunga breki nje, naangusha kitu.

Ijumaa, 30 Mei

Amri imetenguliwa.

Jaji alisoma muda mrefu. Kwamba mtu huyu ameishi hapa tangu uchanga wake, familia yake iko hapa, na kumng'oa ni kuivunja haki anayopewa na Katiba. Kwamba alimtaja Lenku bila nia ya kuhadaa, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa kujua. Kwamba maombi yake ya kitambulisho yapokelewe upya na jina la kweli. Kila jaji alipolitaja lile jina Yeyo alishtuka, na jaji alilitaja mara nyingi. Nje ya mahakama nililia kwa sauti, Costancia akaniambia sasa ruksa kuropoka.

Lenku alimpa Koinet mkono, akaushikilia. "Sasa umeandikwa mtoto wa kaka," akasema.

"Nimeandikwa, baba," Koinet akamjibu.

Lenku akatikisa kichwa, akaenda kumnunulia Yeyo soda.

Jumatatu, 2 Juni

Leo hakuwa na pa kwenda. Aliamka alfajiri ileile, akaoga, akavaa, akasimama mlangoni. Nikamwambia akae anywe supu, akaketi meza ya pembeni.

Jana alikuwa uwandani kwa mama yake. Leo ndipo ameniambia. Alimwuliza: mtu huyo alikuwaje, alikuwa mrefu, alikuwa mpole au mkali, nimefanana naye nini. Yeyo akamjibu, "Nililisema kwa jaji. Wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo, Yeyo."

"Hukuwepo," akasema, akavaa hereni zake, akaenda kukamua.

Alinisimulia hayo akizungusha bakuli bila kunywa. Simlaumu mama yake, sasa siwezi. Lakini nilimwona mume wangu, mtu mzima, amepewa kitu siku moja na kunyang'anywa.

"Mama Neema," akasema. "Wewe ni Msukuma."

"Miaka yote hii ndiyo umegundua?"

"Ninyi wafu mnawaita." Akasukuma bakuli. "Mimi nikilitamka nitamwumiza Yeyo. Nitajie wewe."

"Ni mkwe wangu. Hata kwetu jina la mkwe halitamkwi ovyo."

"Si ovyo. Nakuomba."

Mgahawa ulikuwa na watu. Chapati moja ilikuwa inaungua. Niliipua, nikapangusa mikono kwenye khanga, nikasogea karibu yake.

"Sendeka," nikasema.

Alikuwa anatazama bakuli. "Tena."

"Sendeka."

Dereva wa lori la Tunduma, meza ya jirani, akainua kichwa. "Sendeka ndiye nani, mama? Ndiye anapika supu hii? Mwambie aongeze ndimu."

Koinet akamgeukia.

"Ni baba yangu," akasema.